Kabla ya kiwanja kulikuwa na kaya

Dodoma ya siku hizi haipiti wiki hujasikia habari ya mtu anayetafuta ilikokuwa kaya ya babu yake. Wengine hutoka Dar es Salaam na gari la kukodi, mjomba mmoja kiti cha mbele akionyesha njia. Wengine wako ughaibuni, wametuma pesa kwa binamu awatafutie na kuwapigia picha. Yuko aliyeambiwa na wakubwa wa ukoo kwamba kaburi la fulani halijasafishwa tangu Uhuru. Yuko aliyestaafu, muda anao. Na yuko yule asiyetaja sababu, ila ukimsikiliza kidogo unagundua kuwa ameshauliza bei ya kiwanja Iyumbu.

Wengi wao huanzia kwenye karatasi. Wanapekua sanduku la marehemu baba wakitafuta cheti, kadi ya chama, stakabadhi ya kodi, chochote chenye jina la mahali. Wakipata jina wanalitia kwenye ramani ya simu, wanaendesha mpaka kwenye alama nyekundu, wanashuka. Wanakuta shule ya msingi, ofisi ya serikali ya kijiji, mnara wa simu na vijana wa bodaboda kivulini. Babu hajulikani. Wanapiga picha mbuyu ulio karibu, wanairusha kwenye kundi la familia na maneno ya kuliza watu, safari imekwisha. Wengi wa hawa, naamini, wamepiga picha mahali ambapo babu hakulala hata usiku mmoja.

Tatizo ni picha ya nyumbani tunayotembea nayo kichwani: nyumba moja, mahali pamoja, vizazi vitano. Picha hiyo inamfaa Mchaga na kihamba chake, au Mhaya na kibanja chake, ambako mgomba na mbuni humfunga mtu na udongo uleule. Ugogo, kwao Wagogo hapa Dodoma, ni nchi ya uwele, mtama na ng'ombe. Mvua ya Dodoma haizidi sana milimita 600 kwa mwaka, nayo huja kati ya Desemba na Aprili, ikiamua kuja. Katika nchi ya namna hiyo, mtu mwenye akili hakujifunga mahali pamoja.

Peter Rigby, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ng'ombe na undugu wa Wagogo mwaka 1969, alieleza kwa kirefu jinsi kaya zilivyokuwa zikihamahama. Wazee hawakuhitaji kitabu kulijua hilo. Malisho yameisha, unahama. Umegombana na jirani, unahama. Mtoto amekufa kifo kisichoeleweka, unahama. Kijana ameoa wa pili na mifugo imeongezeka, anajitenga na baba yake na kujenga bondeni. Tembe, nyumba ya Wagogo, nalo lilijengwa kwa maisha hayo: kuta za fito zilizokandikwa udongo, paa la bapa la magogo na matawi lililofunikwa udongo pia, vyumba vimepangwa kuzunguka uwanja ambamo ng'ombe walilala. Mwenyewe akihama, nguzo nzuri alizing'oa akaenda nazo, maana miti migumu ni mali. Udongo aliuacha. Misimu michache ya mvua, kuta zimerudi chini, na aliyepita hapo bila kuambiwa hakuona kitu.

Kwa hiyo swali la "kaya ya babu ilikuwa wapi" ni nusu ya swali. Babu aliyezaliwa mwaka 1900 na kufa mwaka 1970 huenda alikuwa na kaya nne au tano. Unaitafuta ipi? Aliyozaliwa? Aliyomwolea bibi yako? Aliyozikwa? Mtu ambaye hajajibu hilo hajaanza kutafuta, na akipelekwa mahali na mzee wa kijiji atapewa kaya yoyote atakayopewa.

Kuna wakati ambapo hata mnyororo wenyewe wa kaya ulikatika. Njaa ya mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, haikuwa njaa ya mvua peke yake. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua zilipokosekana maghala yalikuwa tayari matupu. Inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa. Waliobaki walitawanyika kutafuta chakula, wengine wakawaacha watoto kwa jamaa na majirani waliokuwa na akiba, na si wote waliorudi walikotoka. Ukoo unaojiita leo wa Hombolo au wa Zuzu unaweza kuwa ulifika hapo baada ya Mtunya, mjane na watoto wawili, ukapokewa na jamaa wa ukweni. Familia nyingi hukomea hapo: juu ya Mtunya ni majina matupu, hayana mahali. Upande wa Kongwa kuna ufa mwingine wa aina hiyo, kati ya 1947 na 1951, pale matrekta ya mradi wa karanga wa Waingereza yalipofyeka pori kwa ekari maelfu, karanga zisistawi, na mradi ukatupwa.

Halafu ikaja Operesheni.

Dodoma ilitangulia. Operesheni Dodoma, ya kuhamishia watu vijijini, ilianza mwaka 1971, kabla ya nchi nzima kuambiwa. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kazi iwe imekwisha kabla 1976 haijaisha. Watafiti wanakadiria kuwa watu wasiopungua milioni 5 walihamishwa nchini katika miaka hiyo mitatu. Sitaki kugombana hapa na mtu kuhusu Ujamaa. Shule niliyosoma isingekuwepo bila kijiji, na zahanati iliyomtundikia mama yangu dripu isingekuwepo bila kijiji. Nazungumzia jambo dogo zaidi: kilichotokea kwa majina ya mahali.

Kaya zilizokuwa zimetawanyika kwenye mabonde na vilima zilikusanywa kando ya barabara, nyumba zikapangwa kwa mistari. Kijiji kipya kilihitaji jina moja. Mara nyingi kilichukua jina la kundi moja la kaya, lile lililokuwa karibu zaidi na barabara au lenye mwenyekiti mwenye sauti, na majina mengine yote yakamezwa. Ndiyo maana unasimama kijijini kwenu kwa jina na bado hujafika kwenu. Jambo la kuwapa moyo wanaotafuta ni kwamba watu wengi hawakupelekwa mbali. Mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, nawe umefika kwenye mahame ya zamani, matongo kama yanavyoitwa huku. Yapo. Yanasubiri mtu wa kuyataja kabla hayajachorewa mipaka.

Basi uanzie wapi? Kwa aliyechunga ng'ombe. Nasema hivi baada ya kukaa na wazee wengi na kuona nani anakumbuka nini. Mzee wa ukoo anakumbuka nasaba, nani alimzaa nani, mahari ilikuwa ng'ombe wangapi. Aliyekuwa mchungaji utotoni anakumbuka ardhi: wapi kuna mawe, wapi maji yanabaki hadi Septemba, wapi fisi alimbeba ndama. Na wachungaji walikuwa watoto, kwa hiyo ndio waliobaki hai.

Bibi yangu mdogo ni mmoja wao. Kwao hapakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, akachunga yeye. Nilipomuuliza kaya ya babu ilikuwa wapi, alinyanyua kidevu kuelekea dirishani akasema, "Kule." Kule ni nusu ya mkoa. Nikamuuliza tena, safari hii kwa njia nyingine.

"Bibi, ng'ombe walikuwa wananywa wapi?"

"Korongoni. Asubuhi tunakwenda jua likiwa mgongoni, jioni tunarudi jua likiwa mgongoni."

Alisema hivyo huku anachambua mboga, wala hakujua kuwa amenipa ramani. Ukitembea asubuhi na jua mgongoni unaelekea magharibi. Kaya ilikuwa mashariki ya korongo, na umbali wake ni ule ambao mtoto anaweza kuwapeleka ng'ombe na kuwarudisha siku hiyohiyo. Nilipouliza walipita kwa nani njiani, akataja kaya tatu kwa majina ya wenyewe, akacheka, akaeleza ni ipi iliyokuwa na mbwa mkali. Korongo likawa moja kati ya mawili. Kilichobaki ni kumpata mtu wa ile kaya ya mbwa.

Wazee hawaulizwi "wapi" wakakupa jibu lenye faida. Waulize walikuwa majirani na nani. Waulize mlango uliangalia wapi, kuni zilitoka wapi, mama alitwanga chini ya mti gani, aliyezikwa mwisho kabla ya kuhama alikuwa nani na nani walimbeba. Miaka nayo usiidai kwa tarakimu. Uliza kama ilikuwa kabla ya Mtunya au baada, kabla ya Uhuru au baada, kabla ya Operesheni. Mtu aliyezaliwa Mtunya imekwisha kitambo bado atakwambia baba yake alikuwa na umri gani wakati huo, maana kila familia ilihesabu kuanzia hapo.

Na usimuulize mzee swali lenye jibu ndani yake. "Babu, si ndiyo hapa ilikuwa kaya yetu?" Mzee mwenye adabu hamkatalii mgeni aliyetoka mbali, tena aliyeleta sukari na kitenge. Atasema ndiyo, hapa. Waulize wawili, kila mmoja peke yake, na uwaache wenyewe wataje mahali. Wakikutana kwenye jambo dogo la kipuuzi, kama mbwa yule, waamini. Wakikutana kwenye jambo kubwa tu, kama jina la mtemi, huenda wamelisoma au wamelisikia kwenye msiba.

Ukishafika kwenye eneo lenyewe, tembea polepole na uangalie kilichopandwa na mtu. Mnyaa hauoti wenyewe kwa mstari. Wagogo walipanda minyaa kuzungushia mazizi na viwanja, na ua wa minyaa unaishi kuliko nyumba na kuliko mwenye nyumba; utaukuta umekuwa miti mirefu, lakini bado umeshika kona ya mraba uliokuwa boma. Palipokuwa zizi, udongo ni mweusi na mahindi hustawi kupita jirani zake miaka mingi baadaye, kwa hiyo anayelima hapo anajua vizuri sana kuwa palikuwa na ng'ombe, hata kama hakumjua mwenye ng'ombe. Tafuta jaa la majivu. Tafuta vigae vya vyungu baada ya mvua ya kwanza, pale maji yanapoosha. Zaidi ya vyote, tafuta jiwe la kusagia, lile la chini. La juu mwanamke alihama nalo. La chini lilikuwa zito na mara nyingi liliachwa. Niliona moja mwaka juzi, limelika katikati kama mtumbwi, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Upande mmoja ulikuwa umelika zaidi ya mwingine. Aliyenipeleka, mama mtu mzima, alipiga magoti nyuma yake bila kuambiwa, akaweka viganja, akasema aliyesagia hapa alikuwa anaegemea kulia. Lilikuwa bado linaangalia palipokuwa mlango, alisema, kwa sababu wanawake walisagia panapoingia mwanga. Usichimbe, na usibebe jiwe ukaliweke sebuleni Mbezi. Likiondoka, mahali pale panakuwa shamba tu.

Makaburi ni ushahidi mzito kuliko yote, nayo yanadanganya kuliko yote. Rundo la mawe linaweza kuwa kaburi, au mawe yaliyokusanywa na mkulima akisafisha shamba. Kaburi lenyewe linaweza kuwa la mgeni aliyefia hapo. Hapa huwezi kukwepa kumrudia mzee.

Sasa, na sasa tu, karatasi zinapata kazi. Ukiwa na jina la korongo, jina la kilima, jina la mtemi au jumbe na kipindi, unajua unachokitafuta. Vitabu vya ubatizo ndivyo vyenye neema zaidi kwa familia za Kikristo. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870 na mwanzoni mwa karne ya 20 walikuwa wamejenga Mvumi na Buigiri. Wakatoliki wana Bihawana. Mwenye bahati atakuta mstari mmoja: jina, wazazi, mahali, msimamizi wa ubatizo. Msimamizi mara nyingi alikuwa jirani. Ukikosa kaya ya babu, tafuta kaya ya msimamizi wake. Kwa Waislamu na kwa walioshika dini ya wazee hakuna kitabu cha namna hiyo, na hapo nasaba ya mdomoni ndiyo kitabu.

Kodi watu huitegemea mno. Ni kweli Wajerumani waliweka kodi ya nyumba mwaka 1897, rupia 3 kwa kibanda cha shambani, na Waingereza wakaendeleza mtindo huo kwa shilingi. Serikali ilihesabu vibanda kweli. Lakini iliyohifadhiwa zaidi ni jumla, si majina ya wenye vibanda. Kwenye Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, kuna vitabu vya wilaya ambavyo maofisa wa Kiingereza waliandika mambo ya watemi, njaa, mipaka na mila. Sheria ya mwaka 2002 inafungua kumbukumbu za serikali kwa umma baada ya miaka 30. Nenda kasome, ila usitarajie kumkuta babu yako. Utamkuta mtemi wake, na hilo linatosha kukuonyesha aliishi katika nchi ya nani. Na kabla ya kwenda Upanga, tafuta kitabu cha Mathias Mnyampala kuhusu historia, mila na desturi za Wagogo, kilichotoka mwaka 1954. Mnyampala, Mgogo wa Ihumwa aliyezaliwa mwaka 1917, alifuatilia koo zilikotoka na zilikopita. Kwa kazi hii anafaa kuliko faili nyingi za kikoloni, kwa sababu aliwauliza wazee akiwa mwenyeji wao.

Ramani nazo zina tabia zake. Ile ya Wajerumani ya kipimo cha 1:300,000 inavutia kuitazama, na majina yake mengi ni ya wakuu waliokuwa wakitawala wakati wapimaji wanapita. Mkuu alipokufa au kuhama, jina lilihama naye. Ya kipimo cha 1:50,000, iliyochorwa baadaye kutokana na picha za ndege na kupatikana kwenye ofisi za upimaji na ramani za serikali, ndiyo ya kununua. Usiangalie vijiji. Angalia makorongo na vilima, kwa sababu Operesheni ilihamisha watu, haikuhamisha vilima. Wenye subira zaidi watafute picha zenyewe za ndege, ambazo nyingi za makoloni ya Uingereza zimehifadhiwa Edinburgh, au picha za satelaiti za ujasusi za Marekani ziitwazo CORONA. Satelaiti hizo zilipiga picha kati ya 1960 na 1972, na mwaka 1995 zaidi ya picha 860,000 zilifunguliwa kwa umma. Si kila eneo la Afrika limo, wala si kila picha ni safi. Lakini angalia miaka: kamera ilizimwa wakati Operesheni Dodoma imeshika kasi. Picha safi ya eneo lenu ya katikati ya miaka ya 1960 inaonyesha nchi kabla ya mistari, miraba ya mazizi imetawanyika na vinjia vikielekea majini. Mtu aliyewasikiliza wazee atasoma picha hiyo kama barua. Asiyewasikiliza ataona madoa.

Majina ya sasa yatakuchezea, jihadhari. Mvumi zipo mbili, Misheni na Makulu. Mlowa zipo Barabarani na Bwawani. Wilaya ya Dodoma Vijijini iliyo kwenye vyeti vya baba zetu iligawanywa mwaka 2007, ikazaa Chamwino na Bahi. Manyoni, ambako Wagogo wamejaa, leo iko Mkoa wa Singida. Mtu anayesema "sisi ni wa Dodoma" anaweza kuwa anamaanisha eneo ambalo halimo tena Dodoma.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Dodoma ilitangazwa makao makuu mwaka 1973, mwaka uleule wa amri ya vijiji. Kwa miaka mingi mji ulikua taratibu. Serikali ilipohamia kweli, mambo yakageuka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini, ya 2022 ikahesabu 765,179. Mji wa Serikali wa Mtumba umesimama jirani na Ihumwa ya Mnyampala. Maeneo yaliyokuwa mashamba na matongo yamepimwa, yamepewa kitalu na namba, yamezungushiwa ukuta. Mnyaa ndio wa kwanza kukatwa, kwa kuwa fundi anasema utomvu wake unapofua macho, na kwa hilo hasemi uongo.

Hapo ndipo utafutaji wa kaya unapogeuka madai ya ardhi, na mimi nasimama upande usiopendwa. Kuipata kaya ya babu si kupata shamba la babu. Miaka ya mwanzo ya 1990 nchi hii iliwaka kesi za watu waliorudi kudai walikotolewa na Operesheni. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kufuta madai hayo, na mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Lohay Akonaay, ikaitambua haki ya kimila ya ardhi kuwa mali inayolindwa na Katiba na kubatilisha sehemu za sheria ile. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 15, ikathibitisha ugawaji wa ardhi uliofanywa vijijini kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977, hata ule uliokiuka sheria. Kwa lugha ya mtaani, aliyegawiwa tongo la babu yako wakati wa Operesheni analo kihalali, na babu yako naye aligawiwa la mwingine kule alikopelekwa. Ukiukumbuka mzunguko huo wote utaona kuwa hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Ubaya wa madai ni kwamba yanafunga midomo. Wazee wakinusa kesi, kumbukumbu zinapotea ghafla. Nimewaona wanaume wa miaka themanini wakisahau kilima walichochungia kwa sababu mjukuu wa jirani ameanza kuuliza mipaka. Hata anayetafuta kwa nia njema anakutana na geti lililofungwa. Ndiyo maana nawaambia ndugu zangu: nenda na ubani wako au pombe yako ya tambiko, na mwenye shamba mtangulize. Mwombe ruhusa, mwambie wazi kuwa huji kudai, na ikiwezekana uandike hivyo mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Utashangaa atakavyokuonyesha mwenyewe jiwe ambalo amekuwa akilikwepa kwa plau miaka yote.

Lakini serikali nayo haiwezi kukaa pembeni na kuacha kila kitu kwa adabu ya wananchi. Inapohitaji eneo lenye makaburi, ipo sheria ya kuhamisha makaburi ya mwaka 1969: notisi hutolewa, ndugu hujitokeza, wafu hutajwa kwa majina, gharama za kuhamisha hulipwa. Orodha hizo, jina la marehemu na mahali alipokuwa amelala, ni nyaraka za kihistoria ambazo familia nyingi zingezililia. Zinastahili kuwekwa mahali pamoja, zifunguliwe, zisomeke.

Upimaji ndio nafasi kubwa zaidi. Mpimaji anapoingia mtaa mpya hukaa na wenyeji, huwatembeza mipakani, huandika majirani na kuchukua sahihi zao. Wazee wote wa eneo wapo siku hiyo, wamevaa koti. Ni siku ambayo haitarudi, kwa sababu kesho yake mahali pale pataitwa kitalu B. Kuongeza safu moja kwenye fomu, jina la zamani la mahali na kaya zilizokuwepo kabla ya vijiji, ni kazi ya dakika kumi. Mitaa mipya ipewe majina hayo badala ya majina ya viongozi ambao wana barabara katika kila mji. Mtoto aliyekuwa akichunga akiwa na miaka kumi Operesheni ilipoanza leo amevuka sitini, kwa hiyo shahidi wa mwisho wa jambo hili bado anaweza kutembea hadi kwenye korongo na kurudi. Hana miaka ishirini mingine ya kutusubiri.

Jiji la Dodoma limechelewa kwa maeneo mengi ambayo tayari yana lami. Chamwino na Bahi bado zina ardhi ambayo haijapimwa. Zianze na safu hiyo kwenye upimaji ujao.